Jengo la Nyuma

Siku ile mtangazaji wa redio aliyeitwa Kasuku alipoingia hospitali kuu na simu yake mkononi, mabenchi ya wagonjwa wa nje yalikuwa matupu kweli. Hilo hakulitunga. Alipita katikati ya mabenchi akirekodi, viatu vikilia kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, akauliza kwa ile sauti ambayo nusu ya mji iliamka nayo kila asubuhi: "Wako wapi? Nionyesheni mgonjwa mmoja. Hata wa kuazima!" Kufikia adhuhuri hapakuwa na simu ambayo video ile haikuifikia.

Mabenchi yalikuwa matupu kwa amri ya wizara. Wiki mbili kabla, kliniki zote za kawaida zilifungwa. Wenye presha, vidonda na meno waliambiwa wakae nyumbani, na wagonjwa wa homa mpya ya mapafu wakapelekwa jengo la nyuma, lililokuwa la wazazi. Huko vitanda arobaini vilikuwa na watu arobaini, na wengine kumi na saba walilala chini kwenye magodoro. Muuguzi kiongozi wa jengo hilo alikuwa dada yake Kasuku, baba mmoja mama mmoja.

Dada alimpigia simu alipotoka zamu, uso ukiwa bado na michirizi ya barakoa.

"Ungezunguka nyuma, mdogo wangu. Hatua hamsini tu. Nini kilikushinda?"

"Mlinzi alinizuia."

"Na kunipigia mimi?"

"Nikupigie unijibu nini, dada? Kila nikikuuliza unasema waraka, waraka. Wizara inatangaza wagonjwa wapya ishirini na wanne, siku kumi na moja mfululizo. Hata kuku hatagi kwa mpangilio huo! Watu wanajua wanadanganywa. Mimi nimesema tu kile wanachokijua."

"Wao wanapunguza. Wewe umefuta kabisa."

"Basi njoo studio useme wewe."

Dada akakata simu. Waraka wenyewe ulikuwa umebandikwa mlangoni kwa matroni: mtumishi atakayezungumza na vyombo vya habari atachukuliwa hatua. Chini yake palikuwa na majina ya waliousoma na kukubali, na sahihi yake ilikuwa ya tatu kutoka juu.

Baada ya video ile wagonjwa hawakupungua, walichelewa. Zamani walikuja kwa miguu yao, wakikohoa na kulalamika foleni. Sasa waliletwa wamefungwa kwenye mablanketi, midomo imeshageuka rangi. Mzee mmoja aliupiga teke mtungi wa oksijeni, akasema Kasuku kawaambia wazi kwamba ukivalishwa mpira ule wa hewa umekwisha. Alifariki saa hiyo hiyo, mkono wake ukiwa umeziba pua.

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Aliwalea wote wawili kwa cherehani moja ya kukanyaga, na redio ilikaa rafuni katikati ya nyuzi, haizimwi. Muuguzi alikuwa hajakanyaga kwa mama wiki ya sita, kwa kuogopa kumpelekea ugonjwa, na alimkataza hata Kasuku asiende. Walimpigia simu tu, kila mmoja kwa wakati wake. Alipoanza kukohoa, mama aliwaambia wote jambo moja: vumbi la vitambaa.

Alhamisi saa nne asubuhi jirani akampigia muuguzi. "Mama yenu tangu juzi hajafungua dirisha. Amenikataza nisimwambie mtu, lakini mimi siwezi kubeba mzigo huu."

Muuguzi alimsihi dereva wa gari la wagonjwa, wakaenda. Alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameiegemeza magotini, mabega yakipanda na kushuka kama mtu aliyepanda mlima. Redioni Kasuku alikuwa anachekesha watu. Muuguzi akambana mama kidoleni kile kipimo kidogo cha oksijeni. Kikaandika sabini na moja. Mtu mzima hupaswa kuwa juu ya tisini.

"Siku ngapi, mama?"

"Nne. Labda tano."

"Na mimi naongea nawe kila jioni! Kwa nini hukuniambia?"

Mama alijibu vipande vipande, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Ningelazwa... watu wangejua. Wangesema, si huyo hapo, mama yake Kasuku? Angeonekana mwongo."

"Lakini ni mwongo, mama."

"Najua." Hakuonekana kushangaa. "Nilijua siku ile ile. Sauti yako nilikuwa naisikia, umechoka mpaka mifupa. Sasa ningefanyaje? Mtoto akikunyea kiganjani, hukati kiganja."

Muuguzi alitaka kumkaripia. Badala yake alimvika barakoa, akamwinua. Alikuwa mwepesi kama furushi la nguo.

Hospitalini hapakuwa na kitanda. Daktari wa zamu, ambaye siku hizo alikuwa akila amesimama, alimtazama mama, kisha akamtazama binti.

"Sista, siwezi kumwondoa mtu."

"Sijakuomba umwondoe mtu."

Wakamtandikia godoro mlangoni mwa stoo ya mashuka. Mitungi haikutosha, hivyo kila mtungi uliunganishwa kwa watu wawili. Mama akaunganishwa na mgonjwa mwingine, dereva wa lori, baba wa watoto watatu. Mama alihitaji lita kumi na tano za oksijeni kwa dakika, akapata sita.

Jirani alimpa habari Kasuku, akafika saa nane, shati limemganda mgongoni. Getini walisimama ndugu wa wagonjwa, wameshika chupa za chai na mifuko ya nguo, kwa sababu wageni walikuwa hawaruhusiwi kupita.

"Mama yangu yuko ndani," alimwambia mlinzi. "Tafadhali, kaka."

Mlinzi alikuwa ni yule yule wa siku ya video. Alimtazama kwa muda. "Ndani wapi? Si ulisema ndani hakuna mtu?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akainua simu, akaanza kumrekodi. Kasuku alishika nondo za geti kwa mikono miwili, akaweka paji la uso juu yake.

Dada yake hakutoka. Alimpigia, akaiweka simu karibu na mdomo wa mama.

"Umekula?" mama akauliza.

"Mama, nisamehe. Mama..."

"Nimekuuliza... umekula?"

"Bado."

"Ule. Halafu waambie watu... wasisubiri. Wawalete wagonjwa wao mapema." Akapumzika. "Usinitaje mimi. Sema tu."

Saa kumi Kasuku aliingia studio katika kipindi kisicho chake, akamwomba mwenzake kiti. Akasema jengo la nyuma lina wagonjwa hamsini na saba, akasema alichorekodi ni jengo la mbele, akasema alikosea. Na hakuweza kutomtaja mama. Alipofika hapo sauti ilikatika, na mji mzima ukamsikia akilia mbele ya kipaza sauti.

Simu zikaanza kuingia.

"Kasuku, wamekupa nini?" aliuliza wa kwanza.

Wa pili alikuwa na huzuni ya kweli. "Sisi tulikuamini wewe tu. Jana hivi, leo vile. Sasa tumshike Kasuku yupi?"

Wa tatu akasema mama huyo ni wa kuigiza, wala hajawahi kuwepo. Kasuku akaanza kumweleza kuhusu cherehani, kuhusu nyumba, mtaa, rangi ya mlango, kama mtu anayebishana na polisi. Hakumaliza. Meneja alikuwa amekata matangazo na kuweka muziki. Idadi yoyote isiyotoka wizarani ilikuwa kosa, na kituo kingefungiwa.

Mama alifariki siku ya pili, kabla ya adhuhuri, muuguzi na mwenzake walipokuwa wanamgeuza kifudifudi apate hewa. Alishusha pumzi moja ndefu, na nyingine haikufuata. Muuguzi alimwita mara mbili. Kisha akageuka, maana dereva wa lori alikuwa anahangaika, macho yamemtoka. Mkono wake mwenyewe ndio uliofunga mpira wa mama, na mkono huo huo ukamfungulia dereva lita zote. Aliusikia mshindo wa hewa ukiongezeka. Hapo ndipo alipokaa sakafuni kati yao wawili.

Walizikwa watu wanne asubuhi moja, na kila familia iliruhusiwa watu sita, mbali na kaburi. Kasuku alisimama upande wake, dada upande wake.

"Dada, niambie kitu. Hata nitukane."

"Sina. Siwezi kusema nimekusamehe. Na siwezi kusema mimi ni safi. Uliniuliza nikanyamaza. Waraka ule nilisaini."

Jumatatu, saa tatu asubuhi, muuguzi alitoka kwenye jengo la nyuma akiwa na sare yake, akaenda mpaka getini. Waandishi wawili walikuwepo, wakisubiri taarifa ya kawaida ya wizara. Akasema bila karatasi: "Vitanda arobaini. Wagonjwa sitini na mmoja. Jana wamekufa tisa. Mitungi iliyobaki itatosha mpaka kesho mchana, haitafika jioni. Jina langu mnalijua, andikeni."

Barua ya kusimamishwa kazi ilimfikia kabla ya saa saba. Matroni aliileta mwenyewe, akilia, akasema, "Nani atanishikia jengo hili, mwanangu?" Gazeti moja likaandika kwamba muuguzi amechanganyikiwa kwa msiba. Mitandaoni wakasema ndugu wawili wamenunuliwa kwa bei ya jumla. Jioni hiyo wizara ikatangaza wagonjwa wapya thelathini na mmoja. Ni kweli, idadi ilisogea. Mitungi haikuongezeka.

Kasuku alikuwa ameshafukuzwa redioni. Tangu mazishi alishinda getini, akiwaelekeza wanaofika njia ya jengo la nyuma. Wengine walimpita kama nguzo. Mmoja alimtemea mate; Kasuku akajifuta kwa mkono wa shati, akaendelea kuelekeza.

Muuguzi alipokuwa anatoka na mfuko wa vitu vyake, alimkuta mdogo wake na mwanamke mmoja aliyemshika mumewe kiwiko. Mume alikuwa anakohoa, lakini alisimama kwa miguu yake.

"Sista," mwanamke alisema, "sisi hatukuyaamini yale maneno ya redioni. Mimi sijui tena nani anasema kweli. Lakini mwanamume halii vile kwa hela. Nikamwambia mume wangu, twende."

Muuguzi alimtazama yule mume. Midomo ilikuwa bado na rangi yake. Mtu kama huyu, kwa lita tano tu na kitanda, angerudi nyumbani baada ya wiki. Na huko ndani, alijua kuliko mtu yeyote, halikubaki hata godoro.

"Hakuna kitanda," alimwambia.

"Tutakaa chini."

"Hata chini pamejaa, mama."

Mwanamke hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Aliendelea kumshika mumewe kiwiko, akisubiri aambiwe pa kupita. Kasuku alimtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi dada naye akamtazama.

"Kalete kiti cha mlinzi," alimwambia Kasuku. "Kiwekwe dirishani kwa jengo la nyuma, upande wa hewa."

Akampa mwanamke mfuko wake amshikie, akafunga barakoa, na barua ya kusimamishwa ikiwa mfukoni mwa sare akarudi ndani kuangalia ni mpira wa nani ungeweza kugawanywa kwa watu watatu.