Mikono ya Nyabate

Bonareri aliingia katika makumbusho ya vyombo vya Kichina, lakini kilichomleta si vyombo. Jirani yake wa Chepilat, Molly, alikuwa amemwambia kwamba kule Kiptere, katika nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la majani chai, kuna sinema ya wafinyanzi wa China wakiwa kazini. Na binti yake Bonareri, Nyabate, alikwenda China kufinyanga.

Ajenti mmoja ndiye aliyempeleka, miaka miwili iliyopita, kujifunza kazi ya kauri. Kanisa zima lilimwombea. Mama mtu akabandikwa jina, Mama China, na tusidanganyane, alilipenda. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa tangu simu ya Nyabate iache kushika. Ya ajenti vilevile, na ofisi yake pale Sotik siku hizi inauza mitumba. Bonareri alikuwa amebisha kila mlango alioelekezwa, na kila mlango ulimwambia asubiri. Hebu niambie, mzazi anasubirije?

Msichana wa kuongoza wageni, Rebeccah, alianza na maneno yake ya kila siku. Alimwonyesha gurudumu la kuzungushwa kwa mguu, tanuru iliyokatwa ubavu ili watu waone ndani, na bakuli jembamba kiasi kwamba ukiliinua dirishani unaona kivuli cha vidole vyako. Akaeleza kwamba kikombe kimoja cha chai hupita mikono ya watu zaidi ya sabini, kuanzia wa kuponda mawe mpaka wa kuchora maua ya buluu.

Hapo Bonareri akasimama. Watu sabini! Kati ya watu sabini atakosaje kuwamo wake mmoja? Akauliza ni vyombo gani vipya. Rebeccah akasema karibu vyote ni vya kale, isipokuwa vikombe sita vya karibu na mlango, ambavyo vililetwa mwaka huu. Kibao kilikataza kugusa, lakini Bonareri alivichukua kimoja kimoja, akavipindua, akavipapasa mpaka chini. Havikuwa na jina la mtu. Rebeccah alimpokonya cha mwisho taratibu, akakirudisha mahali pake.

Ndipo wakaingia kwenye sinema. Jamani, hakuna uso hata mmoja ulioonekana! Ilikuwa mikono tu, imejaa udongo mweupe mpaka viwikoni, huwezi kujua huyu ni Mchina au ni Mkisii. Bonareri alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mikono ile ilipoanza kukanda, vidole gumba vimekunjwa ndani, moyo ukamlipuka. Nyabate hukanda unga wa chapati vivyo hivyo.

"Ni yeye, binti yangu aliyekwenda China mwaka juzi," akasema. "Rudisha nyuma."

Rebeccah akarudisha. Akarudisha mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano roho ilimuuma, akaona heri aseme ukweli: sinema hiyo ilipigwa zamani, yeye Rebeccah akiwa bado shule ya msingi.

Bonareri akaketi sakafuni. Mtu mzima, na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akaketi chini mbele ya wageni na kulia kwa sauti. Kisha akatoa neno ambalo hata Molly hakuwahi kuambiwa.

"Mara ya mwisho alinipigia akasema, mama, nataka kurudi nyumbani. Mimi nikamwambia avumilie. Nikamwambia watu watatucheka."

Rebeccah alimwinua, akampeleka kwenye meza ya daftari la wageni, akamwambia Mchina mwenye vitu hivi hulisoma kila akija, na labda anajua watu kule. Hiyo labda aliisema kwa huruma tu, na nadhani Bonareri alijua.

Alishika kalamu hata hivyo. Jina, Bonareri. Unakotoka, Chepilat. Kwenye maoni, mahali ambapo watoto wa shule walikuwa wameandika kwamba ni pazuri sana, akaandika: Nyabate, rudi. Nilikosea. Nafasi ikaisha. Akashuka mstari wa pili, akaanza upya na jina lake, akaandika yaleyale. Wa tatu. Wa nne. Nyuma yake wageni walikuwa wamepanga foleni, na ukurasa ukajaa.

"Mama, umemaliza?" Rebeccah akauliza polepole.

"Bado," akasema, akafunua ukurasa mwingine.