Karo za Bafu la Bertrand

Mbusa alikuwa fundi wa karo, yaani vigae vya sakafu na kuta, mjini Butembo. Mke wake, Adèle, alikuwa ameenda Beni na watoto kumtunza mama yake aliyekuwa mgonjwa, na ugonjwa ule ulirefuka mpaka watoto wakaandikishwa shule hukohuko. Barabara haikuwa ya kuaminika, kwa hiyo Mbusa alibaki peke yake. Alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, akila alichopika jana, kisha akilala.

Mwezi wa pili alipata kazi katika nyumba moja ya mtaa wa Kimemi. Mpangaji alikuwa Bertrand, mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka Kikwit, upande wa pili wa nchi, mtu mnene na mpole ambaye Kiswahili chake kilijaa Lingala. Mbusa alibomoa karo kuukuu za bafu, akasawazisha sakafu, akapanga mpya chini na ukutani. Kila Bertrand alipotoka kazini alisimama mlangoni pa bafu na kikombe cha chai, akiuliza maswali.

"Fundi, juu ya nini unaigongagonga?"

"Ninasikiliza. Kama simenti haikujaa chini, karo inalia sawa bidon ya bure, yenye haina maji."

Bertrand alicheka sana, na kesho yake akauliza tena kitu kingine. Kazi ilipokwisha alimshika Mbusa mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya wiki chache alipiga simu: karo moja karibu na mlango imepasuka. Mbusa alienda, akaitoa, akaweka nyingine. Kabla mwezi haujaisha, simu ikalia tena. Mara hii zilikuwa mbili, chini ya bomba. Mbusa alirekebisha na kuomba radhi, lakini moyo ulimuuma. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuna aliyewahi kumrudisha kwenye kazi namna ile. Alianza kuwaza kwamba labda anachanganya simenti vibaya, labda mikono imeanza kuchoka.

Mara ya tatu ilikuwa karo ya ukutani, chini ya kioo. Mbusa alipiga magoti kuitazama. Katikati palikuwa na alama ndogo ya duara, kama ya kichwa cha nyundo, na nyufa zimetawanyika kutoka hapo.

"Monsieur Bertrand," alisema bila kugeuka, "hii karo haikupasuka yenyewe. Mutu aliipiga na marteau."

Bertrand akasema, "Njo vile. Ni mimi."

"Na zile zingine?"

"Na zile pia."

Mbusa alisimama. "Donc mimi ninalala na mawazo, ninasema kazi imenishinda, kumbe ni wewe? Nilikukosea nini?"

"Pardon, ndeko, ndugu yangu. Haukunikosea." Bertrand aliweka kikombe chini. "Ku bureau banazungumuza Kinande, luga ya huku, tangu asubui. Banacheka, sijue banacheka nini. Bibi yangu wa ndoa alikataa kukuya huku, anaogopa vita. Nikisha funga mulango, mpaka kesho hapana mutu ananiuliza kitu. Ile wakati ulikuwa unatumika kazi hapa, nyumba ilikuwa na sauti."

Mbusa alikuwa na hasira ya kweli. Alikusanya vyombo vyake, akavitia ndani ya mfuko, akafika mpaka mlangoni. Hapo akajiuliza anakimbilia wapi. Kwake hapakuwa na mtu wa kumsimulia habari hii. Alirudi, akampa Bertrand mwiko.

"Kuya hapa. Leo njo wewe utaiweka."

Bertrand alipaka simenti mpaka kwenye mikono ya shati. Karo ilikaa upande, Mbusa akaisogeza kwa kidole gumba mpaka ikalingana na zile nyingine.

"Sasa hapana kumwanga maji huku mpaka kesho. Utaoga kwangu."

Bertrand alioga nyuma ya nyumba ya Mbusa, ndani ya uzio wa mabati, akiimba kwa lugha ya kwao. Wakala bugali na sombe ya majani ya muhogo. Adèle alipopiga simu kutoka Beni, Mbusa akampa mgeni aongee naye. Adèle alicheka mpaka akakohoa.

"Huyu mutu na hii Swahili yake anatoka wapi?"

Mgeni alipoondoka, Mbusa aliosha sahani mbili. Nyumba aliyokuwa ameizoea sasa ilionekana kubwa. Alimpigia Adèle tena, lakini simu ilikuwa imezimwa.

Tangu hapo Bertrand alikuja Jumapili kadhaa baada ya misa, bila kuvunja chochote. Hawakuwa na maneno mengi. Mmoja alimenya ndizi, mwingine aliwasha makaa.

Mwezi wa sita Mbusa alikuwa akipanga karo katika nyumba ya wageni wakati simu ilipolia ndani ya koti lililoning'inia msumarini. Mikono ilikuwa imejaa simenti na karo haijakaa sawa. Simu ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza. Alipomaliza kunawa aliona ni Bertrand; alipopiga, hakupatikana.

Jioni alipita Kimemi. Mama Josée, mwenye nyumba aliyopanga Bertrand, alikuwa amefungua madirisha yote.

"Bamemutuma Bunia," alisema. "Amri ilifika jana. Ameshapanda ndege kule uwanja wa Rughenda. Alikuwa anakutafuta. Unajua mutu mwingine wa kupangisha?"

Mbusa akasema hapana, hamjui yeyote.

Bertrand alipiga simu mara moja tu baada ya hapo. Mtandao ulikuwa mbaya. Bertrand alikuwa akiita, "Fundi? Allô? Fundi?" naye Mbusa akijibu, "Niko hapa, ninakusikia," lakini ilikuwa wazi kwamba upande wa pili hakuna kilichofika. Alirudia kusema yuko hapo mpaka simu ikakatika.