Udongo wa Kifungua Mimba

Saa nne ya chai, Zulfa akigawa chapati ofisini Songea mjini, mama yake Sixbert aliingia, akafuta miguu mlangoni, akakaa kando ya meza ya mwanawe. Alikuwa amezikwa Madaba Jumamosi iliyopita. Zulfa alimwamkia, akampa pole ya msiba, kisha akamwongezea sukari, maana wafu hupenda chai tamu.

Sixbert hakuinua macho. Tusimwonee, kazi alikuwa nayo kweli. Mfumo wa mafaili uliotungiwa kompyuta za zamani alikuwa akiuhamishia kwenye kompyuta mpya zenye kiini kingine kabisa, yaani ubongo mwingine, na kiini hicho hakikuelewa lugha ya kile cha kwanza. Amri nyingi ilibidi aziandike upya. Likabaki tatizo moja. Ukifuta jina la faili huku mtu bado amelifungua, faili hukaa bila jina mpaka aliyelishika aliachie, ndipo liondoke. Kwenye mashine mpya watu waliachia, mafaili hayakuondoka. Diski ikawa inajaa vitu visivyo na jina.

Kazi hiyo ndiyo aliyoisingizia kwa dada yake Suzana kwenye simu. Alisema mkuu kamkatalia ruhusa ya kwenda mazikoni. Basi kule Madaba watoto wakatupa udongo kaburini, kila mmoja kiganja chake, na zamu ya kifungua mimba ikarukwa.

Mama yake huyo, Lidwina, alifungua fundo la kanga, akamwaga udongo kando ya kibodi.

"Huu wako. Suzana aliubakiza. Nitupie, mwanangu, nikapumzike."

"Nimalizie hapa kwanza, mama."

Kumtupia ilibidi amtazame usoni.

Mkuu wa ofisi, Bwana Majaliwa, alipita kutoa pole. Akamwambia mama, kwa upole tu, kwamba alimpa Sixbert ruhusa ya wiki nzima, tena alimruhusu achukue na gari la ofisi. Sixbert aliyasikia yote, akazidi kuinamia kibodi. Njia ya mwongo ni fupi, jamani. Ukweli ni kwamba mama aliugua muda mrefu bila mwanawe kukanyaga nyumbani, na mwana akaona aibu kusimama mbele ya waliomuuguza. Ni hivyo tu. Aibu ikazaa aibu.

Mama hakumgombeza. Aliuliza hiyo kazi yenyewe ni kazi gani. Sixbert akamweleza habari za mafaili yasiyo na jina.

"Kumbe unajua," mama akasema, akaendelea na chai yake.

Alhamisi kosa likapatikana: alisahau kuhamisha amri ya kuachia. Akaiandika. Mafaili yakaondoka, diski ikapata nafasi, wenzake wakampigia makofi, Bwana Majaliwa akaagiza soda. Mama Lidwina naye alipiga makofi. Gari la ofisi lilikuwa nje, funguo zake juu ya meza. Sixbert aliukusanya ule udongo, akaushika kidogo, kisha akaufungia kwenye droo, usije ukaingia kwenye kibodi.

Kesho yake alimkuta mama kwenye kiti kilekile. Zulfa alikuwa ameshamwekea kikombe chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo je?"

Sixbert akasema bado kidogo, akawasha kompyuta.