Picha Ambazo Simo

Siku ilipopangwa tarehe ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu Kokuhirwa kabla ya harusi, wageni wa upande wa bwana harusi walimuuliza baba kama mpiga picha ameshapatikana. Baba alinyoosha kidole kwangu bila hata kugeuka. "Yuko hapo," alisema, "anawamiminia chai." Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa mbele ya wageni sijui kufanya kitu kingine.

Nilisomea upigaji picha chuoni, na tangu nirudi Karagwe nina chumba kidogo cha kazi pale Kayanga. Huku kwetu mtu anayeishi kwa picha hachagui. Asubuhi unamkalisha mtu mbele ya kitambaa cha bluu kwa picha ya pasipoti, mchana umelala kifudifudi malishoni ukitafuta namna ya kumfanya ng'ombe wa mtu aonekane mnene, kwa sababu mnunuzi yuko Mwanza na atamwona kwenye simu tu. Jumapili ni kipaimara. Na maziko hayana siku. Baba anajivunia mambo hayo kuliko mimi. Kila anapokwenda anawaambia watu kwamba binti yake anapiga kila kitu, harusi, msiba, mifugo, nami nikiwa karibu natazama viatu vyangu.

Ukuta wa sebule yetu Nyakakika umejaa picha nilizopiga mimi, na katika zote simo. Yupo baba na wazee wa kanisa. Yupo mama na wenzake wa kwaya, na Kokuhirwa na joho lake la mahafali. Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza mama kama Kokuhirwa ni mtoto wa pekee. Mama alicheka sana, akaja kuniita jikoni ili nionekane. Nilimpa mgeni shikamoo, nikarudi jikoni, na machozi yaliponitoka nikasingizia moshi.

Dada ndiye aliyelifikiria jambo hilo akapata wazo. "Aine, twende Mtagata," aliniambia, "kwenye maji moto. Sisi wanne tu, Jumamosi kabla ya sendofu. Utaweka kamera kwenye ile miguu yake mitatu, uje usimame na mimi." Picha za simu tunazo, nyuso zimebanana na mkono wa dada umekula nusu ya picha. Alitaka picha ya maana, ya kutundika ukutani kwake huko Geita, ambako mchumba wake anafanya kazi. Siku ya sendofu yenyewe nilijua nitakuwa natembea kinyumenyume mbele yake, si kusimama pembeni yake. Nafasi yangu ilikuwa Mtagata.

Tukakodi gari la Yustus, binamu yetu, aina ya Noah. Mama alipika ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, akafunga chakula kwenye majani ya mgomba. Nilivaa gauni la njano, maana kazini ni suruali nyeusi siku zote ili niweze kupiga magoti popote. Kabla hatujafika mbali, baba alimwambia Yustus asimame kwa rafiki yake Placidius, ambaye alikuwa anauza fahali.

"Dakika moja tu, mwana wange. Si kamera unayo?"

Fahali alikataa kugeuza kichwa. Placidius alitaka na yeye apigwe picha, kisha mkewe, kisha wote wawili mbele ya kahawa iliyoanikwa. Dada alibaki ndani ya gari akibonyeza honi kwa mzaha. Aliponiona narudi na tope kwenye pindo la gauni, mzaha ukaisha.

Nyakatuntu tukakuta barabara imejaa watu. Palikuwa na turubai na viti vya plastiki, na wanakwaya wamekaa kimya. Msiba haupitwi kama soko. Yustus alizima gari kabla hajaambiwa. Baba na mama wakashuka kutoa pole. Marehemu alikuwa mzee Kahigi, ambaye baba alimfahamu kidogo tu kwa mambo ya kahawa. Nilikuwa namwomba Mungu iishie kwenye pole. Kisha nikamwona baba akizungumza na mwanaume mwenye koti jeusi, kidole kimeelekea kwenye gari letu.

Yule alikuwa Anastazi, mtoto mkubwa wa marehemu. Mpiga picha waliyemtegemea alikuwa ameharibikiwa na pikipiki njiani, na mchungaji alikuwa amesubiri vya kutosha. Anastazi alikuja mwenyewe mpaka dirishani. Alisema wadogo zake wako mbali, hawakuweza kufika, na hawatakuwa na njia nyingine ya kumwona baba yao akizikwa. Macho yake yalikuwa yamevimba. Ningemwambiaje kwamba leo niko matembezini?

Nilishuka, nikamsogelea baba. "Baba, tuliahidiana," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Nani amekataa? Utapiga chache, tutaondoka. Watu wamefiwa, Aine."

Mama mmoja wa pale alinifunga kanga juu ya gauni la njano, nikaingia kazini.

Mwongozaji aliita makundi kwa kipaza sauti: watoto, wajukuu, wakwe, ukoo, kwaya. Mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani, nikiwa nyuma ya lenzi naweza kuwaambia watu wazima wasogee, wainue nyuso, wasizibe jeneza. Naona kama sipo. Nilipiga kwa uangalifu, nikiwafikiria wale walioko mbali. Lakini kila kivuli kilipozidi kurefuka chini ya turubai, nilijua ni saa zetu za Mtagata ndizo zinazokwenda.

Mwisho wakaitwa majirani na marafiki. Nikainua kamera, na ndani yake nikamwona baba amenyooka, mama pembeni, na Kokuhirwa katikati yao. Baba alikuwa amewavuta waingie, maana tulishakuwa wenye msiba. Mwanga ulikuwa laini. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kuelekea bega la dada. Kokuhirwa akanitazama moja kwa moja, akasema kwa midomo, bila sauti: njoo. Nyuma yangu mwongozaji alikuwa anahimiza tuharakishe, kaburi linasubiri. Nikabonyeza. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga siku hiyo, na hilo ndilo lililonikasirisha.

Tulipoachiwa, mawingu yalikuwa yameshuka juu ya vilima, na Yustus akasema njia ya Mtagata mvua ikinyesha haipitiki. Tukageuza. Chakula cha mama kilikuwa bado kimefungwa, kimepoa.

Baba alikuwa na furaha. Alisema Anastazi ameniombea baraka, na watu wengi wamechukua namba yangu. Nilitaka kumkasirikia vizuri, kama watu wengine wanavyokasirika, lakini kila nilipoanza niliyaona yale macho yaliyovimba, hasira ikakosa pa kusimama. Kisha baba akaanza kupanga sendofu. Nianze nje, mama anapotoka na dada. Nisikose yeye mwenyewe anapomkabidhi dada kwa wakwe. Nikipata mahali pa kupanda, nipande, niwapate watu wote kwa pamoja.

"Baba, siku hiyo sitashika kamera," nilisema.

Alicheka. "Atashika nani? Mama yako?"

"Winston wa Nkwenda."

"Winston?" Baba aligeuka kwenye kiti. "Winston anakata watu vichwa. Ile harusi ya mtoto wa Eugenia, mchungaji mzima hana kichwa. Nikusomeshe wewe, halafu nimwite Winston?"

"Acha avikate, baba." Niliegemea mbele ili anisikie vizuri. "Nataka na changu kiwemo."

Yustus alikohoa ili asicheke. Dada hakucheka. Baba alisema mengi: kwamba watu watatushangaa, kwamba ni sawa na mwenye shamba la migomba kwenda kununua ndizi sokoni, kwamba namharibia dada yangu siku yake. Dada alijibu kwamba siku ni yake na haijaharibika, lakini baba hakuwa anaongea naye. Mimi nilitazama migomba ikipita dirishani. Lile nililolisema sikutaka kulirudisha.

"Baba Koku," mama alisema hatimaye, "mtoto ameshasema."

Mvua ikaanza. Yustus akawasha vifuta kioo, na baba akawa anavitazama vikienda na kurudi.

"Huyo Winston, namba yake unayo?" baba aliuliza.

"Ninayo."

"Mwambie asimame mbali kidogo, vichwa vyote vienee," alisema bila kugeuka.