Zamu ya Kumlinda Kifaru

Walimwita Kifaru tangu utotoni kwa sababu ya mwili wake, na alipokua akawa mpakiaji wa mizigo, mtu wa kubeba mfuko wa saruji kama mto wa kulalia. Halafu akaugua peke yake, kimya kimya, bila kumwambia mtu. Mwenye nyumba alipovunja mlango wa chumba chake alimkuta sakafuni, ngozi imeshikana na mifupa. Dada yake aliitwa, na ndiye aliyemnyanyua mpaka kwenye gari la kwenda hospitali. Macho yaliyodidimia na midomo iliyopasuka aliyavumilia. Kilichomliza ni kwamba alimbeba Kifaru mikononi, na wala yeye hakuhema kwa uzito.

Dada huyo alikuwa mpishi katika shule ya bweni. Kulisha watu ndiyo kazi aliyoijua. Basi muuguzi wa wodi alipomwambia kwamba mgonjwa atapewa maziwa maalumu, kidogo kidogo, kwa mpira uliopitishwa puani, alidhani anataniwa.

"Sista, mtu ana njaa huyu! Haya hata nusu kikombe hayafiki."

"Najua, dada. Lakini mwili uliokaa na njaa namna hii umeshazoea kuishi bila kitu. Ukiushindilia chakula ghafla, damu inavurugika, moyo unasimama. Nimemwona mtu akifa na kijiko mkononi. Tutamwongezea polepole."

Mpishi alisogea karibu na kitanda. Akafundishwa kumwinua mgonjwa kichwa, kukagua kama mpira haujachomoka, kisha kushika sirinji juu na kuyaacha maziwa yashuke yenyewe bila kuyasukuma. Aliomba ruhusa kazini akahamia wodini, akalala kwenye kiti.

Shida ilianza Kifaru alipopata nguvu ya kusema.

"Dada, nipe wali."

"Bado, mdogo wangu. Vumilia."

"Hata ukoko."

"Bado."

"Watoto wa watu unawapakulia kwa mwiko, mimi unanipimia kama dawa ya kikohozi?"

Walicheka wote wawili. Kesho yake Kifaru hakucheka tena. Aliomba, akabembeleza, akamtajia marehemu baba yao. Mpishi alishika sirinji, macho ameyaelekeza dirishani.

Ndipo shangazi yao alipofika na chupa ya supu. Alipoifungua, harufu ya nyama ikajaa wodini, na Kifaru akajaribu kuinuka.

"Shangazi, naomba usimpe. Itamuua."

"Supu imuue? Tangu lini mgonjwa akatibiwa kwa njaa?"

"Sista amekataza."

"Sista si damu yake. Wewe una roho gani, mwanangu? Sogea!"

Mpishi hakusogea. Aliikwapua ile chupa mikononi mwa mtu mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akaimwaga supu yote kwenye sinki. Shangazi alitoka akilia kwa sauti, korido nzima ikamsikia. Kifaru aligeukia ukutani.

"Wewe si dada yangu," alisema.

Hakumsemesha tena. Maziwa yaliongezwa, yakaongezwa tena, muuguzi akaanza kutabasamu alipompima. Halafu homa ikapanda, kifua kikabana. Dawa za kupitia mshipani ziliingia, lakini mwili haukuwa na akiba ya kupigana nayo. Asubuhi moja Mpishi alimwinua kichwa ili ampe maziwa, akaona kifua hakipandi. Aliita, "Sista!" mara moja tu.

Msibani maneno yalimtangulia. "Mpishi mzima," shangazi aliwaambia wanawake mkekani, bila hata kunong'ona, "amemuua ndugu yake kwa njaa." Mpishi alipita katikati yao. Mambo ya damu na moyo angewaelezaje? Nani angemsikiliza?

Mama yao alikuwa chumbani. Miguu ilikuwa imevimba, hakuwahi kufika hospitali hata siku moja. Alimshika mwanawe mkono.

"Niambie kweli. Alipoondoka, alikuwa na njaa?"

Mpishi aliukumbuka ule mgongo uliogeukia ukutani.

"Hapana, mama. Alikuwa ameshiba."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba amsaidie kunyoosha miguu.