Mita Kumi za Shemeji

Sheria mpya ya mashine za pesa aliibandika mlangoni shemeji yangu mwenyewe, mjane wa kaka, wakala wa kutoa na kutuma pesa. Ndivyo sheria ilivyotaka: ibandikwe. Kila mashine ikae pale ilipoandikishwa. Ikisogezwa zaidi ya mita kumi, inajizima. Kuiandikisha kwingine ni kusubiri miezi sita.

Mwenye nyumba, ambaye hasomi hata jina la dawa anayomeza, siku hiyo alisoma mpaka nukta. Akaingia dukani.

"Mama, mwezi ujao kodi ni mara mbili."

"Kwa kipi kilichoongezeka? Paa bado linavuja."

"Basi hama," akacheka. "Hama na mashine yako tuone."

Shemeji akavuka njia, akaja kibarazani ninaposhonea. Ana watoto watatu, na tangu kaka afariki mashine ndiyo baba yao. Nikadhani amekuja kulia. Nikamchagulia kipande cha kitambaa, laini kabisa.

"Shem, acha hicho. Lete tepu."

Tukapima njia kwa tepu ya kushonea, mimi nimeinama kama natafuta sindano, pikipiki zinatupigia honi. Kutoka kaunta yake mpaka meza yangu: tepu sita na shubiri moja. Tepu yangu ni mita moja na nusu.

"Mita tisa na kitu," nikasema, nikihema.

"Zinatosha. Sogeza cherehani."

Mwisho wa mwezi akahamia kwangu. Akaiwasha mashine, na mimi nikafumba macho. Ikalia tii, ikaomba kadi. Kufumbua, foleni imeshafika barabarani, na mwenye nyumba anakuja mbio na kandambili moja.

"Huu ni uhalifu! Nawapigia wenye sheria!"

"Piga, baba. Namba iko kwenye karatasi pale mlangoni kwako. Weka spika, tusikie wote."

Akapiga. Akapokea binti mmoja, sauti ya usingizi.

"Mashine inawaka?"

"Inawaka! Ndiyo shida yenyewe!"

"Kama inawaka, mzee, haijatoka kwenye mita kumi. Kuna lingine?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwenye nyumba akashusha sauti.

"Basi rudi, mama. Kodi ileile ya zamani. Na paa nitaliziba."

"Lizibe, atakayekuja asilowe," shemeji akamjibu, macho kwenye mashine. "Mimi sirudi. Sasa sogea, baba, umesimama mbele ya mteja."