Mpangaji wa Chumba cha Vitabu

Chama chetu kina jina refu kuliko mali zake: Chama cha Utafiti wa Mila na Lugha za Buha. Wanachama tuko kumi na mmoja, na wanne kati yetu huja mikutanoni. Mimi ndiye katibu, Tharsisi, mwalimu mstaafu. Nimeandika kitabu kimoja tu maishani, Adabu za Kusalimiana kwa Waha, nakala mia mbili, na nikiulizwa ziko wapi naweza kukuonyesha karibu zote bila kutoka nje ya nyumba.

Nyumba yenyewe iko Kasulu mjini, nyuma ya soko, vyumba sita na baraza. Si yetu. Tulipangishwa miaka tisa iliyopita na Mzee Gharibu, muuza vitenge ambaye babu yake alitoka Pangani. Alitupa kwa bei ya kirafiki, kwa heshima ya elimu, na akaweka sharti moja aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe: chumba kimoja kiwe cha vitabu, na kiwe wazi kwa msomaji yeyote. Sharti likivunjwa, nyumba inarudi kwake.

Sasa sisi wasomi tuna ugonjwa mmoja, hatuwezi kuvumilia kuona chumba kitupu. Cha kwanza tulimpangisha Asmahani, fundi cherehani, kwa kuwa mwenyekiti alisema mavazi ni sehemu ya mila. Cha pili akachukua Bazilio, muuza unga wa muhogo, kwa kuwa chakula nacho ni mila. Cha tatu alikuja kinyozi. Huyo tulimbishania wiki mbili nzima, mpaka mwanachama mmoja akakumbuka kwamba zamani watu walinyolewa msibani. Cha nne na cha tano wamo vijana wa mashirika yanayofanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hao hatukuwatafutia hoja yoyote, maana tulikuwa tumechoka kufikiri. Cha tano ndicho kilichokuwa ofisi yangu. Meza yangu ilihamia barazani, na mvua ikinyesha kwa upepo huwa nafanya utafiti nikiwa nimesimama.

Kikabaki chumba cha vitabu. Miezi minane iliyopita alikuja Aline, wakala wa pesa za simu, yule mwenye kibanda na mwavuli pale kona ya soko. Watu wao walitoka Burundi zamani, sasa ni raia na wanalima Kitanga. Mama yake, Niyonsaba, alikuwa amevunjika nyonga, na hospitali ilimtaka afike kila wiki. Kumleta toka Kitanga kwa bodaboda, kwa zile njia, ni sawa na kumvunja upya. Aliomba wiki mbili, kwa barua tuliyomtaka aandike. Tukampa wiki mbili, na hakuna mtu aliyezihesabu tena.

Jumatano Mzee Gharibu akanipigia simu.

"Mwalimu wangu, mkwe wangu anaitaka nyumba ile aifanye gesti. Nimemwambia kuna watu wa elimu mle. Basi Jumamosi saa nne nakuja kukitazama hicho chumba cha vitabu, nipate la kumjibu."

Nilikaa kitako. Akikuta kitanda kati ya vitabu, tumekwisha sote: fundi, unga, kinyozi, na masanduku ya maandishi ambayo hayana pengine pa kwenda. Nilimpigia mwenyekiti wetu, Makarius, anayekaa Kibondo na kuongoza chama kwa simu.

"Katibu," akasema, "kamtoe yule binti. Lakini kwa hekima."

Hekima hiyo hakuniambia inapatikana wapi. Vyumba vya mjini vilikuwa vimejaa, na daktari alikuwa amempa Niyonsaba miezi mitatu zaidi ya kwenda na kurudi hospitali. Nililijua hilo vizuri. Nilikwenda hivyo hivyo.

Alhamisi asubuhi nikabisha hodi. Aline alikuwa hajaenda kibandani. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mto.

"Mwakeye," nikasema.

"Mwakeye," akajibu Niyonsaba, akaanza kupiga makofi yale ya taratibu ya salamu, na mimi nikapiga yangu. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za wajukuu mmoja mmoja, za muhogo, za maharage, za mbuzi wangu mwenye kilema. Nikauliza za kwake. Mwenye haraka asije huku kwetu. Tulipomaliza, Aline aliniletea maji ya kunywa, kisha uji.

Hapo ndipo nilipokwama. Katika kitabu changu, ukurasa wa arobaini na moja, nimeandika kwamba Mha aliyepigiwa makofi na kunyweshwa maji ndani ya nyumba ya mtu haruhusiwi kutoa habari mbaya humo siku ile. Aondoke, aje siku nyingine. Niliandika mwenyewe, kwa wino. Ningewezaje kuwa wa kwanza kuivunja desturi hiyo? Nilikunywa uji, nikashukuru, nikaondoka.

Ijumaa nilirudi nikiwa nimekaza uso. Niliazimia kusema nikiwa mlangoni, kabla ya lolote. Lakini nilipofungua mdomo, makofi yalikuwa yameshaanza, na safari hii uji ulikuwa na karanga. Niliulizwa tena habari za yule mbuzi. Nilitoka nikiwa nimeshiba na nimejaa aibu, na asubuhi iliyofuata ndiyo Jumamosi.

Mzee Gharibu alifika saa nne kamili, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Makarius alikuwa ameshuka kutoka Kibondo, amevaa suti. Tulimpitisha barazani. Alimtazama Asmahani, akatazama magunia ya Bazilio, akamtazama kinyozi aliyekuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kisha akausukuma mlango wa chumba cha vitabu.

Kitanda kilikuwepo, chandarua kimefungwa juu. Sufuria mbili zilikuwa pembeni, na Niyonsaba alikuwa palepale na mguu wake.

"Hawa ni nani?" Mzee Gharibu akauliza.

Makarius alikohoa. "Huyu binti ni, tuseme, mtunza vitabu wetu."

"Mimi ni mpangaji, mzee," Aline akasema. "Nalala hapa na mama."

Nilisikia nyumba ikituponyoka. Mzee Gharibu akageuka kutazama rafu, akazitazama kwa muda mrefu. Zilikuwa zimepangwa. Mimi mwenyewe sikuwa nimezitazama tangu mwaka juzi, hata nilipokuwa nikinywa uji humo, na nilizikumbuka kama lundo.

"Mwenyekiti," akasema, "nipe kile kitabu cha chumvi ya Uvinza. Nilikitoa mimi, siku tunasaini mkataba."

Makarius akaikabili rafu kama mtu aliyepoteza miwani. Akavuta kimoja, akakirudisha, akavuta kingine. Aline akanyoosha mkono akakitoa.

"Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa," akasema. "Mwisho upo. Mwisho ndio mzuri."

"Umekisoma?"

"Ego, mzee. Kibandani wateja huwa hawajai saa zote. Na wanafunzi wanakiazima sana, wale wa sekondari. Mimi nikiwa kazini mama huwafungulia, nikirudi jioni nawasaidia. Wiki hii walikuja kumi na wanne."

Mzee Gharibu akanigeukia mimi. "Katibu, niambie ukweli. Kabla ya huyu kuhamia hapa, chumba hiki kilikuwa wazi saa ngapi kwa siku?"

Ningeweza kupamba. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, kupamba nakujua. Lakini nilimwona Niyonsaba amenikazia macho, na uji wake wa jana ulikuwa bado haujanitoka mwilini.

"Hakikuwa wazi, mzee. Ufunguo ulikuwa Kibondo, kwa mwenyekiti. Msomaji akija tulikuwa tunamwambia apande basi."

Kinyozi alizima mashine yake ili asikie vizuri.

"Miaka mingapi?"

"Minane, na kitu."

Mzee Gharibu alikaa kwenye kiti pekee cha Aline. "Kwa hiyo sharti langu mlilivunja miaka yote mliyokuwa peke yenu, mkaja kulitimiza siku mlipoweka kitanda. Na kwa nini leo hukumficha? Ulijua nakuja."

"Nilitumwa kumtoa," nikasema. "Nimekuja juzi, nikaja na jana. Nilishindwa kwa sababu ya desturi." Nikamweleza ile ya makofi, maji na habari mbaya, na nikataja ukurasa.

Niyonsaba akaanza kucheka. Alicheka akishika nyonga, maana ilimuuma.

"Mwalimu, usinichukie. Desturi hiyo haipo. Kwetu haipo, na kwenu Heru Juu nimeuliza pia, haipo. Habari mbaya watu husema, maji yakishanywewa. Ila kitabu chako tulikisoma mimi na Aline, mara mbili. Tukaona mwalimu ndivyo anavyoamini, basi akija tumpokee kwa namna yake."

"Ndiyo maana jana tuliongeza karanga," Aline akasema, ameinamisha macho.

Nilikumbuka nilikoitoa. Ni mzee mmoja wa Heru Juu aliyenisimulia, siku niliyokwenda kumdai koti la mvua la Chama. Nilirudi na desturi mpya kwenye daftari, koti likabaki kwake, na analivaa mpaka leo. Niliona aibu kali. Na chini ya aibu hiyo nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha: watu wawili walikuwa wamesoma kitabu changu, mara mbili, hadi ukurasa wa arobaini na moja, na wameuliza kama ni kweli. Chama kizima hakijawahi kunifanyia hivyo.

Mzee Gharibu aliomba mkataba. Nikauleta kutoka barazani. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa kanzu, akakata jina la Chama kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika la Aline. Sharti akaliacha vilevile.

"Mkwe wangu atatafuta gesti kwingine," akasema. "Mpangaji wangu ni huyu. Hawa wengine atawapangisha yeye, akipenda."

Makarius alianza hotuba kuhusu nafasi ya wasomi katika jamii. Mzee Gharibu alimsikiliza kwa adabu hadi mlangoni, akaondoka ikiwa bado katikati.

Tulibaki sisi na Aline. Alikuwa ameushika mkataba kwa mikono miwili, na nilidhani atalia. Akaufungia ndani ya sanduku la nguo za mama yake, kisha akatugeukia, sauti ya chini ya mtu anayezungumza na wakubwa.

"Sasa nyinyi, Mwalimu, mngependa kukaa chumba kipi?"

"Baraza linatutosha," nikasema.

"Basi niandikieni barua ya maombi, kama mlivyonifanya niandike mimi. Jina, idadi ya watu, na kazi mnayofanya."

Tuliketi barazani, mwenyekiti na katibu. Jina halikutusumbua, na idadi tuliandika wanne. Kwenye kazi tukakwama. Makarius alitaka "watafiti waandamizi". Nikamwuliza ni kitu gani tulichotafiti tangu mwaka juzi, akasema tulifute. Adhana ya adhuhuri ilitukuta hapo hapo. Mwishowe nikaandika mwenyewe, na yeye akatia sahihi bila kubisha: wasomaji, wanaoanza.

Aline aliisoma barua yote, akaikunja. Akauliza kama Jumatatu jioni tutaweza kuja, pamoja na wale wa sekondari.